Iran, Guatemala, Kongo au Chile: Uanze na Mapinduzi Gani Ukitaka Kuielewa Marekani?

Msomaji wa Kiswahili anayetaka kujua jinsi Marekani ilivyoshiriki kuangusha serikali za watu wakati wa Vita Baridi kwa kawaida huanzia kwa Patrice Lumumba. Inaeleweka. Kongo ni jirani, Kiswahili kinasemwa Lubumbashi, Bukavu na Kisangani, na picha ya Lumumba akiwa amefungwa kamba mikononi tumekua nayo. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, kwa kikundi cha usomaji, au kwa mwalimu mwenye vipindi vichache tu vya mada hii, nashauri aanze Guatemala, kisha ndipo aende Kongo. Iran na Chile nazo zina wasomaji wake, na kwa baadhi yao hizo ndizo zinazofaa zaidi. Naziweka zote nne pamoja hapa ili kila mtu achague kulingana na anachotafuta.

Msimamo wangu unatokana na jambo moja: mkono wa Marekani haukuwa na uzito uleule katika nchi hizi. Kuna mahali ilipanga, ikalipa na ikaunda hata jeshi. Kuna mahali ilibana uchumi na kuchochea, wenyeji wakamalizia. Anayeyatia yote katika kapu moja na kusema tu kwamba "ni CIA", yaani shirika la ujasusi la Marekani, atabwagwa kwenye mdahalo wa kwanza na mtu aliyesoma faili. Linaloniuma zaidi ni kwamba atakuwa amewaachia wahusika wengine waondoke bila kuulizwa kitu.

Yaliyotokea

Iran, Agosti 1953. Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh aliongoza utaifishaji wa mafuta mwaka 1951, mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza ya Anglo-Iranian, ambayo leo inaitwa BP. Uingereza ikayawekea mafuta ya Iran vikwazo na kutafuta mshirika wa kumng'oa waziri mkuu huyo. Rais Truman wa Marekani alikataa. Eisenhower alipoingia madarakani Januari 1953, hali ikabadilika. Jaribio la kwanza, usiku wa kuamkia Agosti 16, lilishindikana, na Shah, mfalme wa Iran, akakimbilia Baghdad na kisha Roma. Agosti 19 umati na vifaru vikajaa mitaa ya Tehran, nyumba ya Mossadegh ikapigwa mizinga, na Jenerali Fazlollah Zahedi akachukua uwaziri mkuu.

Guatemala, Juni 1954. Rais Jacobo Árbenz, aliyeshinda uchaguzi wa 1950, alitia saini Amri ya 900 mwezi Juni 1952. Kwa sheria hiyo, ardhi isiyolimwa katika mashamba makubwa ilitwaliwa kwa fidia na kugawiwa wakulima. Mwenye ardhi mkubwa kuliko wote alikuwa kampuni ya ndizi ya Marekani, United Fruit. Juni 18, 1954 Kanali Carlos Castillo Armas alivuka mpaka akitokea Honduras na watu wasiofika 500. Juni 27 Árbenz akajiuzulu.

Kongo, 1960 hadi 1961. Uhuru ulipatikana Juni 30, 1960. Siku tano baadaye askari waliasi. Julai 11 Moïse Tshombe akatangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga, huku Wabelgiji na kampuni ya madini ya Union Minière wakiwa nyuma yake. Waziri Mkuu Lumumba aliona Umoja wa Mataifa hautaki kumsaidia kuirudisha Katanga kwa nguvu, akaomba msaada wa Umoja wa Kisovieti. Septemba 5 Rais Joseph Kasa-Vubu alimfukuza kazi. Septemba 14 Kanali Joseph Mobutu alitwaa mamlaka. Januari 17, 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa kwa ndege Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakapigwa risasi usiku uleule.

Chile, Septemba 1973. Salvador Allende, msoshalisti, alipata zaidi kidogo ya asilimia 36 ya kura mwaka 1970, na Bunge likamthibitisha kuwa rais. Septemba 11, 1973 ndege za jeshi la anga la Chile ziliishambulia ikulu ya La Moneda kwa mabomu. Allende alikufa humo, na Jenerali Augusto Pinochet akatawala hadi 1990.

Ushahidi uko wapi

Kwangu hiki ndicho kigezo cha kwanza. Katika habari za njama, uvumi husafiri haraka kuliko nyaraka, na sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo. Januari 1965 Tanzania iliwafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani kwa tuhuma za kula njama, Marekani ikakanusha, na hadi leo watu hubishana juu ya mkasa huo kufuatana na walivyosimuliwa. Kwa hiyo anayeanza apewe tukio ambalo mtuhumiwa mwenyewe ameandika alichokifanya.

Hapo Guatemala inaongoza. Mwaka 1997 CIA ilianza kufungua mafaili ya operesheni hiyo, iliyoitwa PBSUCCESS. Ndani yake mna historia iliyoandikwa na mwanahistoria wa shirika hilo kwa matumizi ya ndani, orodha za watu waliopendekezwa kuuawa, majina yakiwa yamefutwa, na hata mwongozo wa jinsi ya kuua mtu. Unasoma bajeti, unasoma hofu za maofisa, unaona walipokosea na walipobahatika. Machi 1999 Rais Clinton, akiwa Guatemala City, alisema wazi kwamba Marekani ilikosea kuunga mkono vikosi vilivyowakandamiza watu wa nchi hiyo.

Iran ina ushahidi mzito lakini wenye mapengo. Sehemu kubwa ya mafaili ya CIA kuhusu 1953 iliteketezwa miaka ya 1960 mwanzoni. Kilichookoka ni pamoja na ripoti ya ndani iliyoandikwa na mmoja wa wapangaji, Donald Wilber, ambayo gazeti la New York Times liliipata na kuitangaza mwaka 2000. CIA yenyewe ilikubali katika nyaraka zilizotolewa 2013, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikachapisha juzuu zima mwaka 2017. Kwa msomaji mvumilivu inatosha.

Chile ina makaratasi mengi mno: takriban nyaraka 24,000 zilifunguliwa kati ya 1999 na 2000. Tatizo lake ni la kinyume, anayeanza anazama.

Kongo ndiyo ngumu. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church ilichunguza mwaka 1975. Bunge la Ubelgiji lilichunguza lake na kutoa ripoti 2001. Nyaraka nyingine za Marekani zilitoka 2013. Kila chungu kina mpishi wake: Wamarekani wanaeleza zaidi mambo ya Wamarekani, Wabelgiji mambo ya Wabelgiji, tena kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiholanzi. Mtu akisoma upande mmoja tu anatoka na nusu ya habari, na nusu hiyo mara nyingi ndiyo iliyompendeza tangu mwanzo.

Nani hasa alishika bunduki

Guatemala jibu ni jepesi kulitoa na zito kulitafakari. Jeshi la Castillo Armas liliundwa, likalipwa na kupewa mafunzo na CIA huko Honduras na Nicaragua. Marubani walilipwa na CIA. Redio iliyojiita Sauti ya Ukombozi ilidai inatangaza kutoka msitu wa Guatemala, kumbe vipindi vilirekodiwa Miami. Ajabu ni kwamba kijeshi uvamizi huo ulikuwa dhaifu. Pale Gualán kikosi cha askari 30 hivi kiliwashinda wavamizi. Kilichomwangusha Árbenz ni maofisa wake kukataa kupigana, kwa kuwa waliamini kwamba wakimshinda Castillo Armas, Marekani ingekuja yenyewe. Hapa unajifunza jambo ambalo vitabu vingi vya shule havilifundishi: nguvu ya taifa kubwa haipo katika risasi peke yake. Ipo pia katika yale ambayo wengine wanaamini litafanya. Árbenz alipoondoka nchini mwezi Septemba alivuliwa nguo uwanja wa ndege mbele ya wapiga picha. Walitaka raia waone.

Iran mikono ilikuwa mitatu: CIA chini ya Kermit Roosevelt, mjukuu wa Rais Theodore Roosevelt, majasusi wa Uingereza waliokuwa na mtandao wa muda mrefu, na Wairani wenyewe, wakiwemo maofisa wa jeshi, watu wa mjini waliolipwa, na viongozi wa dini waliokuwa wameachana na Mossadegh, kama Ayatollah Kashani. Baada ya jaribio la kwanza kushindikana, makao makuu ya CIA yalikuwa tayari kukata tamaa. Wanahistoria hubishana mpaka leo kiasi gani cha Agosti 19 kilinunuliwa na kiasi gani kilijitokea. Mjadala huo una maana, usiruke.

Chile kuna mtego. Septemba 15, 1970 Rais Nixon alimwagiza mkuu wa CIA, Richard Helms, azuie Allende asishike madaraka. Katika maandishi ya mkono ya Helms kuna dola milioni 10 na agizo la kuufinya uchumi wa Chile hadi upige yowe. Oktoba hiyo Jenerali René Schneider, mkuu wa majeshi aliyesisitiza kwamba jeshi liheshimu katiba, alipigwa risasi katika jaribio la kumteka, akafa. CIA ilikuwa imewasiliana na makundi yaliyokuwa na mpango huo na kulipatia mojawapo silaha. Baadaye fedha zilikwenda kwa vyama vya upinzani na gazeti la El Mercurio, na mikopo ya kimataifa ikakauka. Lakini kwa siku yenyewe ya Septemba 11, 1973, uchunguzi wa Seneti haukupata ushahidi kwamba Marekani ilishiriki moja kwa moja. Walioshika bunduki ni wanajeshi wa Chile, kwa uamuzi wao. Je, hilo linaisafisha Marekani? Hata kidogo. Aliyetia sumu kisimani miaka mitatu mfululizo hawezi kusema hakuwepo siku mtu alipokufa. Ila anayesema CIA ndio waliorusha ndege zilizoipiga La Moneda anasema jambo ambalo nyaraka hazilisemi.

Na Kongo? Agosti 26, 1960 mkuu wa CIA, Allen Dulles, alimwandikia mkuu wa kituo chake cha Léopoldville (Kinshasa ya leo), Larry Devlin, kwamba kumwondoa Lumumba kuwe lengo la haraka na la kwanza. Septemba mwanakemia wa shirika hilo, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville na sumu. Haikutumika, Devlin alieleza baadaye kwamba aliitupa Mto Kongo. Fedha za Marekani zilimfikia Mobutu na wenzake. Lakini waliomfyatulia Lumumba risasi walikuwa askari wa Katanga, Wabelgiji wakiwepo na wakiamrisha, mawaziri wa Katanga wakitazama pamoja na Tshombe. Mwili uliyeyushwa kwa tindikali, na Mbelgiji mmoja, ofisa wa polisi Gerard Soete, alibaki na jino. Jino hilo lilirudishwa kwa familia Juni 2022.

Waliompeleka Lumumba Katanga walikuwa watawala wa Léopoldville, Wakongo, wakijua fika anachokwenda kufanyiwa. Mobutu alikuwa mtu wa Lumumba, na Lumumba mwenyewe ndiye aliyempa cheo cha unadhimu mkuu wa jeshi. Kikulacho ki nguoni mwako. Naona wasomaji wetu wengi hupita haraka sehemu hii kwa sababu inachoma, na ndiyo maana sipendi mtu aanzie hapa. Hasira ni ya haki, lakini ikitangulia huziba macho, na mtu anaishia na adui mmoja katika hadithi yenye maadui watano.

Mali na woga

Swali la kawaida kwenye vikundi: walitaka mali, au waliogopa ukomunisti? Iran inalijibu vizuri upande wa mali. Baada ya mapinduzi, muungano mpya wa kampuni ulioundwa 1954 uliipa BP asilimia 40, kampuni za Marekani 40, Shell 14 na Wafaransa 6. Kampuni za Marekani hazikuwa na chochote pale kabla ya hapo.

Guatemala ina hesabu ambayo mwanafunzi hawezi kuisahau. Serikali ya Árbenz ilitoa fidia kwa thamani ambayo mwenye ardhi mwenyewe aliitaja kwenye kodi. United Fruit, iliyokuwa imeitaja ardhi yake kuwa ya bei ya chini ili ilipe kodi kidogo, ikapewa takriban dola 627,000. Aprili 1954 Marekani ikadai karibu dola milioni 16 kwa niaba ya kampuni. Waziri wa Mambo ya Nje, John Foster Dulles, na ndugu yake Allen wa CIA walitoka katika kampuni ya mawakili iliyowahi kuitumikia United Fruit. Ukiishia hapo utasema ni ndizi tu. Lakini siku chache baada ya Árbenz kuanguka, serikali hiyohiyo ya Marekani iliishtaki United Fruit mahakamani kwa kuhodhi biashara. Kwa hiyo woga wa ukomunisti ulikuwa wa kweli vichwani mwao, hata kama ulikuwa umepotoka. Ukikaa na jambo hili kipindi kizima hutakuwa umepoteza muda.

Chile utaifishaji wa shaba ulipitishwa na Bunge zima bila kura ya kupinga, Julai 1971, wapinzani wa Allende wakiwemo. Kongo kulikuwa na shaba ya Katanga na mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima.

Walioachiwa majivu

Idadi ya waliokufa ndiyo inayonifanya nisikubali kuziita operesheni hizi mafanikio, kama waliozipanga walivyoziita. Guatemala, Castillo Armas alipoingia madarakani alifuta sheria ya ardhi na kuwanyima kura wasiojua kusoma. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 1960, vikaisha 1996. Tume ya ukweli ilikadiria zaidi ya watu 200,000 waliouawa au kupotezwa. Kati ya waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Asilimia 93 ya ukiukaji iliouchunguza ilihusishwa na dola na makundi yake. Vijiji vizima viliteketea.

Iran ilipata Shah mwenye mamlaka yote, polisi wa siri wa SAVAK, kisha mapinduzi ya 1979 na Wamarekani 52 kushikwa mateka siku 444. Anayefuatilia ugomvi wa leo kati ya Tehran na Washington bila kuujua mwaka 1953 anasoma kitabu kilichong'olewa kurasa za mwanzo. Chile waliouawa au kupotezwa ni zaidi ya 3,000, na makumi ya maelfu waliteswa. Kongo ilipata Mobutu: baada ya mapinduzi yake ya pili, Novemba 1965, alikaa hadi Mei 1997, na aliiacha nchi bila barabara, bila hazina na ikiwa vitani.

Sasa chagua

Ukiwa na kikundi cha wanafunzi au unaanza peke yako, chukua Guatemala. Ni fupi, mkono uliokuwa nyuma yake ni mmoja na umekiri, na inakufundisha sehemu zote za mtambo: kampuni, redio, jeshi la kukodi, maofisa waoga, kisha makaburi.

Ukiwa unafuatilia habari za Mashariki ya Kati, au una ndugu wanaofanya kazi Ghuba na mazungumzo ya Iran hayaishi nyumbani, chukua Iran. Ukiwa mtu wa uchumi au siasa za vyama, unayetaka kujua serikali iliyochaguliwa inavyoweza kunyongwa polepole bila askari wa kigeni kukanyaga nchi, Chile ndiyo darasa lako, ila jipe muda, na uanze na ripoti ya Seneti ya 1975 kabla ya kugusa nyaraka nyingine.

Kongo iwe ya pili kwa kila mtu. Kuna daraja zuri la kuvukia kutoka Guatemala. Kijana wa Kiargentina, Ernesto Guevara, alikuwa Guatemala City mwaka 1954 na aliiona serikali ya Árbenz ikianguka. Aprili 1965, akiwa sasa ndiye Che, alipita Dar es Salaam, akafika Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, akitumia jina la Kiswahili, Tatu. Upande wa pili, marubani Wakyuba waliomkimbia Castro walikuwa wakirusha ndege chini ya CIA. Che alishindwa, na akarudi Dar es Salaam mwisho wa mwaka huo kuandika sababu za kushindwa. Miongoni mwa viongozi wa waasi aliofanya nao kazi alikuwa Laurent Kabila, aliyekuja kumng'oa Mobutu miaka 32 baadaye.

Ukifika Kongo, soma kwanza ripoti ya Kamati ya Church kuhusu njama za kuwaua viongozi wa nje, kisha matokeo ya tume ya Bunge la Ubelgiji ya 2001, kwa mpangilio huo. Juzuu za nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zinasomeka bure mtandaoni, za Guatemala, Iran na Kongo zote. Kikundi chenye watu wanaojua Kifaransa kigawane kazi: wengine wachukue upande wa Brussels, wengine wa Washington, na angalau wawili wafuatilie mawaziri wa Léopoldville na Katanga peke yao, majina na tarehe, kuanzia Septemba 5, 1960 hadi Januari 17, 1961.